Ukoo Wenye Damu ya Kugawa

Dada yangu mkubwa ni dobi, tena si dobi wa kubahatisha. Mletee shati lililomwagikiwa chai, mletee ovaroli ya fundi magari ambayo mkewe ameshaikatia tamaa, ataigeuza upande huu na huu, ataikwaruza kwa ukucha, kisha atakuuliza doa limekaa muda gani. Akisema "litatoka," nenda zako kalale. Akisema "hili limeshahamia," usibishane naye, kata matambara. Nimefanya kazi naye tangu mikono yangu ikiwa midogo isiyoweza kukamua taulo, na sijawahi kumwona akikosea kuhusu doa. Kuhusu mambo mengine, ngojeni niwasimulie.

Kazi hii tuliirithi kwa mama. Chumba cha mbele kina meza ya pasi, na hapo ndipo ninapotawala mimi. Uani kuna karo mbili za saruji, mabeseni yasiyo na idadi, na kamba zilizovutwa ukuta kwa ukuta hata mgeni akiingia lazima ainame. Kaka yetu wa kati huzunguka na baiskeli akikusanya nguo majumbani na kwenye nyumba za kulala wageni. Huyo tunamwita Povu, na msidhani ni kwa ajili ya sabuni. Mteja akimwambia tu, "Mmenipotezea soksi," basi, anachemka, maneno yanamtoka bila breki, na mara nyingi pua nayo inamtoka damu. Ndivyo alivyo tangu utotoni. Marehemu mama alikuwa akimbana pua na kumwambia, "Punguza hasira, mwanangu, zitakupasua mishipa."

Mimi jina langu la nyumbani ni Kiangazi. Mkicheka, shauri yenu.

Jina lilitoka hapa. Kwetu, mwanamke akiingia mwezini, kazi ya nyumba nzima hupangwa upya. Bibi mzaa mama alikuwa hivyo, mama alikuwa hivyo, Dada naye hivyo hivyo. Analala chumba cha nyuma, chini kuna karatasi la nailoni, juu yake taulo la kukunja na kukunja, na pembeni beseni la maji baridi yenye chumvi. Baridi, jamani, si moto! Maji ya moto huipika damu kwenye uzi, na ikishapikika haitoki mpaka nguo inachakaa. Mtoto wa kwetu alilijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Unaloweka, unasuuza, unapaka sabuni ya mche, unafikicha, unaanika juani. Shuka lililokuwa la kutisha asubuhi, jioni liko kwenye kamba, jeupe pe. Ndiyo maana miaka nenda miaka rudi hakuna aliyeshtuka. Tulikuwa tunafua ushahidi. Nyumba nyingine wangeishiwa mashuka wakamkimbilia daktari. Sisi tuliendelea na kazi.

Sasa, mimi nilipovunja ungo, hedhi yangu ilikuja siku chache, kidogo kidogo, ikaondoka bila hata kuaga. Nyumba nzima ikaingia wasiwasi! Mama kanishika mkono huu, Dada huu, hao zahanati. Muuguzi akanipima, akasema, "Huyu msichana ni mzima." Dada akamjibu, "Wewe huujui ukoo wetu. Sisi tuna damu ya kugawa. Huyu amekauka." Tangu siku hiyo nikawa Kiangazi. Nikichoka, "Ni ile damu yake haba." Nilipochelewa kuolewa, "Ni ule ukavu." Nilikasirika, nikazoea, nikakasirika tena.

Miaka michache baadaye mama alipata mimba ya uzeeni, akafariki akijifungua. Mtoto naye hakukaa. Damu ilitoka ikakataa kusimama, na watu wazima wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mashuka ya siku ile aliyafua Dada mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Na yeye alipomzaa binti yake, nusura afuate njia ile ile. Alipona, lakini hakuzaa tena. Mumewe ni dereva wa malori ya mbali, mtu mpole, na mambo ya wanawake hakuulizwa wala hakuuliza.

Binti huyo mmoja tunamwita Chiriku. Anayejua sauti ya ndege yule hahitaji maelezo. Alikuwa anaamka akiongea na kulala akiongea. Anakuja kwenye meza yangu kutoka shule, ananisimulia somo la jiografia, ugomvi wa wasichana wawili na ndoto ya mwalimu wa hesabu, vyote kwa pumzi moja, huku akinikunjia leso. Nilikuwa namwambia, "Mama yangu, pasi itaunguza nguo kwa maneno yako," naye anacheka.

Alipovunja ungo, hedhi yake ilikuwa ya kwetu hasa. Dada alijidai! "Huyu ni damu yangu, si Kiangazi." Akamfundisha taulo, beseni na chumvi, na kwa maumivu akampa aspirini. Mwaka wa kwanza ukapita. Mwaka wa pili, Chiriku akaanza kunyamaza kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri. Midomo ikawa rangi ya majivu. Akipanda ngazi za nyumba ya wageni kupeleka mashuka, anakaa katikati kupumzika, msichana wa miaka kumi na mitano! Tena kopo langu la wanga, ule unga ninaoukoroga kupigia kola za mashati zisimame, likaanza kupungua ovyo. Nikamshtaki Povu kwamba anaugawa kwa wanawake zake. Povu akatoa povu. Kumbe siku moja namkuta Chiriku nyuma ya mlango, kinywa cheupe, anaula mkavu kwa kijiko.

"Wewe! Umechizi?"

"Mama mdogo, naomba usimwambie mama. Nikiuona tu natamani. Siwezi kujizuia."

Nilimwambia mama yake saa ile ile, mimi si wa kutunza siri za aina hiyo. Dada akacheka, akasema watoto wote hula uchafu.

Halafu ikaja siku ya shule. Wanafunzi wamesimama mistarini asubuhi, Chiriku yuko mwezini, akaanguka chini puu. Mwalimu wake wa kike alimleta nyumbani mwenyewe, sweta limefungwa kiunoni kuficha sketi, mtoto hajiwezi. Tukamlaza. Mwalimu akasimama uani katikati ya nguo zinazochuruzika maji.

"Mama Chiriku, binti huyu hana damu mwilini. Mpelekeni hospitali."

"Hana damu?" Dada aliweka mikono kiunoni. "Mwalimu, samahani, lakini hapo umekosea nyumba. Sisi damu tunayo ya kugawa. Ni mambo ya kike tu, yatapita."

"Mama, mimi pia ni mwanamke. Mambo ya kike hayamwangushi mtoto mstarini. Akirudi bila kuonwa na daktari, sitampokea darasani."

Mwalimu alipoondoka, Dada alichukua ile sketi, akaitia kwenye maji baridi, akaanza kufikicha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na pasi mkononi. Moyo wangu ulijaa, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Dada, acha kufua."

"Doa likikaa litahamia."

"Lihamie! Mama yetu aliondoka hivi hivi, damu inatoka na sisi tumeshika mabeseni. Na huyu je? Ukishamaliza kumfulia sketi, utamfulia nini kingine?"

Niliona mikono yake imesimama ndani ya maji. Nilidhani atanipiga, maana mkono wake ni mwepesi. Hakunipiga. Alikaa kwenye ukingo wa karo, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Unafikiri sijui? Kila mwezi wake ukifika, namwona mama. Naogopa kwenda kuambiwa."

Basi. Tukaenda siku ile ile. Povu alimpakia mpwa wake kwenye baiskeli, akamfunga kwa shuka kiunoni asianguke, akaikokota taratibu kama amebeba mayai, na njia nzima hakumtukana dereva hata mmoja.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, koti lake lina doa la wino mfukoni. Dada alilikodolea macho doa lile muda wote wakati mtoto anapimwa, na mimi najua ni hofu tu. Majibu ya kwanza yakaja upesi. Damu ya Chiriku ilikuwa nusu ya inavyotakiwa.

"Nusu?" Dada alishangaa kweli. "Na inavyotoka yote ile?"

"Ndiyo sababu, mama. Inatoka kuliko mwili unavyotengeneza." Akauliza, "Kuna kitu kisicho chakula anachopenda kula? Udongo, barafu?"

Tukatazamana. "Wanga wa nguo," nikasema.

"Hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Si tabia mbaya." Chiriku alinitupia jicho la kunishtaki, na nilistahili. Daktari akamgeukia Dada. "Na wewe mwenyewe, hedhi yako ikoje?"

"Kawaida."

"Kawaida ni ipi?"

Dada akaeleza: chumba cha nyuma, nailoni, taulo, beseni. Alieleza kama mtu anayeeleza namna ya kufua blanketi. Akaeleza na mama alivyokufa, na yeye mwenyewe alivyojifungua. Daktari aliacha kuandika akawa anamsikiliza tu.

"Na wanaume wa kwenu? Wanatokwa na damu ovyo?"

"Wanaume wana hedhi?" Dada akauliza, na mimi nikakaribia kucheka pale pale.

"Namaanisha puani. Au wakijikata. Au waking'olewa jino."

Mimi na Dada tukageuka pamoja kuelekea mlangoni. Povu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, anapigana na mlinzi kwa maneno kuhusu mahali pa kuegesha baiskeli, na, Mungu si Athumani, leso iko puani.

Akaitwa ndani. Alikataa kwanza, eti hayo si mambo yake. Daktari akamuuliza kuhusu jino. "Aa, jino!" Povu akachangamka. "Lile lilinitoa damu mchana kutwa na usiku kucha, nikarudi kwa daktari wa meno nikamtukana sana, nikidhani kanichana makusudi. Na pua ni hasira tu, daktari, hizo ninazo tangu mdogo."

"Huenda si hasira," akasema daktari.

Chiriku alilazwa, akaongezewa damu. Hospitali ikaomba ndugu warudishe chupa moja kwenye akiba yao. Dada akakunja mkono wa gauni tayari tayari, yeye si ndiye mwenye damu ya kugawa? Daktari akamzuia, akamzuia na Povu, mpaka vipimo vikamilike. Wakanipima mimi. Damu yangu ilikuwa safi, tele, haina neno. Nikalala pale kitandani, nikatoa, mimi Kiangazi, na sindano ilipotolewa pamba kidogo tu ikatosha. Dada alikuwa amesimama pembeni anaitazama ile pamba. Nilimwambia kwa macho mambo yote niliyokuwa nikiyasema miaka ile yote kwa mdomo.

Kilichobaki kilikuwa kipimo kikubwa, cha kupelekwa mbali. Wiki za kungoja zilikuwa mbaya kuliko zote. Dada alikuwa na neno moja moyoni, saratani ya damu, kwa kuwa mtoto wa jirani alikufa nayo. Alimuuliza daktari uso kwa uso. Daktari akasema hadhani kabisa, lakini asingependa kuapa kabla ya majibu. Dada alifua siku zile kama mtu anayegombana na nguo. Alifua mapazia ambayo hakuna aliyeyaleta.

Siku ya majibu tulikwenda wote. Daktari hakutuzungusha. "Si saratani," ndiyo maneno yake ya kwanza, na Dada alitoa pumzi ndefu, akanishika goti akaliminya mpaka likauma. Daktari akaeleza kwamba katika damu kuna kitu kinachoisaidia kugandana pale penye jeraha, na kwetu kitu hicho ni pungufu. Tunazaliwa nacho hivyo. Mzazi humrithisha mtoto, wa kike au wa kiume, lakini si kila mtoto hupata; ni kama kurusha sarafu. Kwa mwanaume huonekana puani au kwenye jino, akaishi bila kushughulika. Kwa msichana, kila mwezi unamfichua.

"Ina maana damu yetu imekosa wanga," Dada akasema taratibu. "Haisimami."

Daktari akafikiri kidogo. "Unaweza kusema hivyo."

"Na wanga wenyewe Chiriku kaumaliza," akadakia Povu, na sote tukaangua kicheko, na daktari naye, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi wiki zote zile. Povu akafuta machozi akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii si hasira?"

"Hasira unazo," Dada akamwambia. "Ila hazikuwa zikitokea puani."

Halafu akauliza swali ambalo nililijua linakuja. "Daktari. Mama yetu angepona?"

"Siwezi kukujibu hilo, mama, sikuwepo. Ila binti yako tunamjua sasa. Kila atakayemtibu, awe wa meno au wa kujifungua, ataambiwa mapema, atajiandaa. Hatutamwacha afike alikofika bibi yake."

Dada alilia pale. Alilia kwa sauti, bila aibu, na Chiriku akamkumbatia kutoka nyuma, na mimi nilishukuru Mungu kwamba analia kwa ajili ya hilo na si kwa ajili ya lile jingine.

Dawa zilikuwa za kawaida tu. Vidonge vya chuma kila siku, na vidonge vingine vya kuisaidia damu kuganda, vya zile siku zenyewe tu. Aspirini marufuku, kumbe ilikuwa inazidi kuilegeza damu, na sisi tulimpa kwa upendo. Ilichukua miezi. Midomo ikarudi rangi yake. Siku moja alitoka shule, akaegemea meza yangu, akaanza na somo la jiografia, na kabla hajafika kwa mwalimu wa hesabu nilikuwa nimeshaunguza shati la mteja. Sikumgombeza hata kidogo. Nilisema aendelee.

Dada naye alipimwa, akaonekana anao ugonjwa ule ule, na Povu pia. Vidonge vyake Dada akaviweka juu ya kabati akasema ameshazeeka, hivyo ni vya wasichana. Chiriku alimsumbua mpaka akakubali. Mwezi wake ulipofika, alitandika nailoni yake kama kawaida, akakunja taulo, akajaza beseni maji ya chumvi, akalala kungoja. Asubuhi ikapita. Kabla ya adhuhuri nikamsikia uani anafua nguo za wateja. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa.

Siku ya nne alikuja chumba cha mbele, akavuta kiti, akakaa karibu na meza yangu. Alikuwa na nguo za mteja mapajani lakini hakuzikunja.

"Wewe kila mwezi huwa hivi?" akaniuliza.

"Hivi vipi, Dada?"

"Hivi. Unaamka, unavaa, unatoka. Unafanya kazi yako."

"Ndiyo."

"Na wanawake wengine wote, wale sokoni, yule mwalimu?"

"Wengi wao, ndiyo."

Nikazima pasi.

"Mimi nilidhani wote wanapata kama mimi," akasema. "Nilikuwa nikilala kule nyuma nawasikia wanapita barabarani, wanacheka, wana watoto mgongoni. Nikajiambia, wenzangu wanaumia hivi hivi lakini wanajikaza. Mimi ndiye mvivu. Maisha yangu yote, mdogo wangu. Nilidhani mimi ni mvivu."